Sayari Haina Sumaku, au Ina Sumaku ya Ajabu: Namna ya Kukagua Kiini Chake

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyeletewa vipimo vya sumaku vya sayari au mwezi fulani akaona haviingii akilini: uga wa sumaku haupo, au ni hafifu mno, au umeinama vibaya, au upo mahali ambapo hesabu inaukataa. Dalili ni chache, sababu ni nyingi, na sayari mbili zinaweza kukosa uga kwa sababu zinazopingana kabisa. Anayekimbilia jibu la kwanza (“haizunguki vya kutosha”, “kiini kimeganda”) mara nyingi hukosea.

Kabla ya kukagua chochote, futa picha ya sumaku ya kudumu iliyofukiwa katikati ya sayari. Chuma hupoteza usumaku wake kikifika nyuzi 770 za selsiasi, na kiini cha Dunia kina takriban kelvini 4,000 (nyuzi 3,700 hivi za selsiasi) pale kinapogusana na koti, yaani lile tabaka nene la mawe linalokizunguka. Kinachofanya kazi huko ni dinamo, na kama ilivyo dinamo ya baiskeli, gurudumu likisimama taa inazimika. Tofauti ni kwamba dinamo ya sayari haina waya. Chuma kilichoyeyuka hupita ndani ya uga uliopo, mwendo huo huzalisha umeme, na umeme huo huukuza uga ule ule uliouzaa. Joseph Larmor ndiye aliyelitoa wazo hili mwaka 1919, akitafuta chanzo cha sumaku ya Jua.

Ukaguzi wa kwanza, kwa mpangilio huu

Anza na kimiminika. Je, ndani kuna tabaka la kimiminika linalopitisha umeme? Kwa Dunia jibu ni rahisi: kiini cha nje kinaanzia kina cha kilomita 2,890 na kina unene wa kilomita 2,260 hivi, na mawimbi ya tetemeko yanayohitaji kitu kigumu ili yapite hayapiti humo.

Kisha pima mwendo. Uga usiporutubishwa huchakaa, kwa kuwa umeme wowote unaopita kwenye metali hupungua kutokana na ukinzani. Kwa kiini chenye ukubwa wa kile cha Dunia, uchakavu huo huchukua miaka elfu hamsini hivi, ilhali miamba ya zaidi ya miaka bilioni 3.4 iliyopita imebeba alama za sumaku. Kwa hiyo uga unazalishwa upya kila wakati. Ili kujua kama mwendo unatosha, zidisha kasi ya kimiminika kwa unene wa tabaka lake, kisha gawanya kwa kasi ambayo uga unasambaa na kupotea ndani ya metali. Kiini cha Dunia hutiririka kwa takriban nusu milimita kwa sekunde, upitishaji umeme wake ni kama siemeni milioni moja kwa mita, na jibu linalotoka ni elfu moja na ushei. Uigizaji wa kompyuta unaonyesha dinamo huwaka namba hiyo ikizidi 40 au 50 hivi.

Ona nafasi iliyobaki hapo. Hata ukipunguza upitishaji umeme mara kumi, Dunia bado inafaulu. Kwa viini vya chuma, basi, umeme kushindwa kupita si mshukiwa wa kwanza. Swali la tatu ndilo linaloangusha wengi: ni nini kinachokikoroga kimiminika hicho?

Dalili: uga upo, lakini hesabu ya joto inasema usingekuwapo

Hii ndiyo hitilafu ngumu kuliko zote, na ni ya Dunia yetu wenyewe.

Gustav Wiedemann na Rudolph Franz walionyesha mwaka 1853 kwamba metali inayopitisha umeme vizuri hupitisha na joto vizuri, kwa uwiano unaokaribia kuwa mmoja kwa metali zote. Sababu ni kwamba elektroni zinazobeba umeme ndizo hizo hizo zinazobeba joto. Ukitaka namba ya upitishaji joto, zidisha upitishaji umeme kwa joto la kelvini, kisha kwa 2.44 × 10⁻⁸. Kwa siemeni milioni moja na kelvini 4,000 unapata wati 98 kwa mita kwa kelvini.

Sasa angalia madhara yake. Dinamo haiendeshwi na joto lililomo ndani ya kiini, bali na joto linalotoka, tena lile tu linalotoka kwa myuko, pale chuma cha moto kinapopanda na kilichopoa kushuka. Joto linalopenya kimyakimya kutoka chembe hadi chembe halisogezi hata tone. Hata kiini kilichokorogeka vizuri huwa na moto zaidi chini kuliko juu, kwa sababu kimiminika kikibanwa hupata joto. Karibu na mpaka wa juu wa kiini cha Dunia tofauti hiyo ni kama kelvini 0.9 kwa kila kilomita. Eneo la mpaka ni kilomita za mraba milioni 152. Ukichukua wati 100 kwa mita kwa kelvini, joto linalovuja bila kazi ni terawati 14 hivi (terawati moja ni wati trilioni moja). Ukichukua 40, ni terawati 5.5.

Na joto lote linalotoka kwenye kiini kuingia kwenye koti linakadiriwa kuwa kati ya terawati 5 na 15. Kwa namba ndogo ya upitishaji, ziada ya kukoroga ipo. Kwa namba kubwa, karibu yote imeshavuja. Kwa ufupi, metali iliyo bora kwa umeme ndiyo inayoinyima dinamo yake chakula.

Kwa miaka mingi waliofanya hesabu hizi walitumia namba kati ya 28 na 46, na mambo yalikwenda. Mwaka 2012 makundi mawili yalikokotoa upya tabia ya elektroni katika chuma kilichobanwa kwa shinikizo la kiini, yakapata 100 na zaidi. Mwaka 2016 majaribio mawili yakachapishwa katika toleo moja la jarida la Nature: moja lilipima ukinzani wa umeme wa chuma kilichobanwa kati ya ncha za almasi, matokeo yakaangukia upande wa juu; jingine lilipima joto lenyewe likipita, likapata kati ya 18 na 44. Sampuli za namna hii ni nyembamba kuliko unywele, zinapashwa kwa leza, na kosa dogo la kupima unene wake linabadilisha jibu zima. Binafsi naupa uzito upande wa juu, lakini ukikutana na mtu anayekupa namba moja bila kusema imetoka kwenye kipimo cha umeme au cha joto, usiipokee.

Ukikwama hapa, kagua yafuatayo kabla ya kutangaza kwamba fizikia imevunjika.

Kwanza, kiini cha ndani. Inge Lehmann alikigundua mwaka 1936, na leo tunajua nusu kipenyo chake ni kilomita 1,220. Kinakua polepole kadiri chuma kinavyoganda kutokea katikati. Chuma kikiganda huachia joto fiche, na muhimu zaidi, hukataa kubeba baadhi ya elementi nyepesi, hasa oksijeni. Hizo hubaki kwenye kimiminika cha chini na kukifanya chepesi, nacho kinapanda. Msukumo huu haudai joto lizidi kiwango cha uvujaji. Unaweza kukoroga kiini hata pale joto peke yake lingeshindwa. Ndiyo maana uga wa leo haupingani na namba kubwa.

Pili, umri. Kama upitishaji ni mkubwa, kiini kilipoa haraka na kiini cha ndani kina umri wa miaka bilioni moja au pungufu. Nani basi aliendesha dinamo kwa zaidi ya miaka bilioni mbili kabla yake? Pendekezo mojawapo ni kwamba magnesi, au silikoni pamoja na oksijeni, viliyeyuka ndani ya kiini kilipokuwa cha moto sana, halafu vikawa vinajitenga na kutoka kwa juu kadiri kinavyopoa, na kuacha kimiminika kizito kinachoshuka. Matokeo ni yale yale ya kuganda chini, ila yameanzia juu.

Tatu, kumbukumbu za miamba. Miamba ya Quebec yenye umri wa takriban miaka milioni 565 inaonyesha uga uliokuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya huu wa sasa. Inawezekana hiyo ni dinamo iliyokuwa inakata roho muda mfupi kabla ya kiini cha ndani kuanza kuganda na kuiokoa. Ni ushahidi unaovutia, ingawa miamba michache haitoshi kuandika historia ya sayari nzima.

Dalili: sayari kubwa, uga hakuna (Zuhura)

Chombo cha Mariner 2 kilipita karibu na Zuhura mwaka 1962 bila kuona uga, na vyombo vilivyofuata vimethibitisha hivyo. Jibu unalolisikia kila mahali ni kwamba Zuhura huzunguka polepole mno, mara moja kwa siku 243 za Dunia. Jibu hili halisimami. Mzunguko unatakiwa kuupa mtiririko mpangilio, na kinachohesabika ni mzunguko ukilinganishwa na kasi ya kimiminika. Weka kimiminika cha nusu milimita kwa sekunde katika tabaka la kilomita elfu mbili: hata kwa siku 243, nguvu ya mzunguko bado inakizidi kimiminika kwa zaidi ya mara elfu moja.

Rudi kwenye joto. Zuhura haina mabamba ya ganda yanayozama na kupeleka ubaridi chini kwenye koti kama Dunia. Koti likibaki la moto, kiini hakina pa kumwaga joto lake. Kinachotoka hakifikii kiwango cha uvujaji wa kimya, na myuko unakufa. Hapo mgonjwa si kiini. Ni koti lililomfunika. Uwezekano wa pili ni kwamba kiini cha Zuhura kilijengeka kwa matabaka, kizito chini na chepesi juu, na hakikuwahi kukorogwa na mgongano mkubwa wa mwisho kama ule unaodhaniwa kuzaa Mwezi wetu. Ukitaka kutenganisha sababu hizi mbili unahitaji vipimo vya matetemeko, na juu ya uso wenye nyuzi zaidi ya 450 za selsiasi vifaa havidumu.

Dalili: hakuna uga wa sayari nzima, lakini ganda lina sumaku (Mirihi)

Hii ni rahisi kuisoma. Mars Global Surveyor, iliyofika mwaka 1997, ilikuta miamba ya nyanda za juu za kusini ina sumaku kali, ilhali mabonde makubwa ya migongano kama Hellas na Argyre karibu hayana. Tafsiri ya kawaida: dinamo ilikuwapo, miamba ikaganda ikiwa ndani ya uga wake, kisha dinamo ikafa kabla ya migongano hiyo kuyapasha mawe na kuyafuta, karibu miaka bilioni nne iliyopita.

Kosa la kawaida ni kusema Mirihi ilipoteza uga kwa sababu kiini chake kiliganda. Chombo cha InSight, kilichotua Novemba 2018, kilipokea mawimbi ya matetemeko yaliyoonyesha kiini kikubwa cha kimiminika chenye elementi nyepesi kwa wingi. Makadirio ya kwanza yalikuwa nusu kipenyo cha kilomita 1,830. Mwaka 2023 yalishushwa hadi karibu 1,650 baada ya kugundulika tabaka la mawe yaliyoyeyuka juu yake. Tabaka hilo ni kama blanketi kwa dinamo. Kimiminika kipo, kinapitisha umeme, ila hakipoi kwa kasi ya kutosha.

Miezi ya Mshtarii: majirani wenye tabia tofauti

Io inalipuka volkano usiku na mchana, lakini chombo cha Galileo hakikuiona ikiwa na uga wake. Mshangao huisha ukiuliza joto hilo linatoka wapi. Mvutano wa Mshtarii unalikanda koti la Io na kulipasha. Koti la moto linazuia kiini kupoa. Joto jingi mahali pasipofaa ni sawa na kukosa joto.

Ganymede nayo, yenye baridi zaidi, ina uga wake, uliogunduliwa na Galileo mwaka 1996, mkali kuliko wa Utaridi. Katika kiini kidogo chenye salfa na shinikizo dogo, kuganda kunaweza kuanzia juu: chembe za chuma zinaanguka kama theluji, zinayeyuka chini, na kimiminika kizito kinachotokea kinaendelea kuzama. Usitafute kiini kigumu cha ndani kila unapoona dinamo.

Europa ni mtego. Vipimo vinaonyesha uga, na asiye mwangalifu ataandika “dinamo”. Subiri saa chache upime tena. Uga wa Europa hugeuka kwa kufuata uga wa Mshtarii unavyoipitia, kwa mzunguko wa saa 11 hivi. Huo ni mwangwi wa umeme unaoamshwa ndani ya bahari ya chumvi chini ya barafu. Kanuni ya kutenganisha: uga unaofuata saa ya mwingine si wa kwako.

Dalili: uga hafifu mno, au umenyooka kupita kiasi

Utaridi una kiini kinachochukua karibu asilimia 85 ya nusu kipenyo chake, lakini uga wake ni kama asilimia moja tu ya ule wa Dunia, tena umesogea kaskazini kwa kilomita 480 hivi. Zohali ina kinyume cha mambo: uga wenye nguvu za kutosha, lakini mhimili wake umetofautiana na mhimili wa kuzunguka kwa chini ya sehemu moja ya mia ya nyuzi. Thomas Cowling alithibitisha mwaka 1934 kwamba dinamo haiwezi kutunza uga ulio na ulinganifu kamili kuzunguka mhimili. Je, Zohali imemkana Cowling?

La. Shuku tabaka tulivu kati ya dinamo na wewe unayepima. Kama sehemu ya juu ya kimiminika haikorogeki, huku ikiendelea kupitisha umeme, inakuwa chujio. Mabadiliko ya haraka na madoadoa madogo ya uga yanaamsha humo umeme unaoyafuta. Yaliyo mapana na ya polepole ndiyo yanayopenya. Hapa, tofauti na mwanzo, upitishaji umeme ndio mshukiwa mkuu: kadiri tabaka tulivu linavyopitisha vizuri, ndivyo linavyoficha zaidi. Utaridi unaweza kuwa na dinamo yenye nguvu ndani na kutuonyesha mabaki yake tu. Kwa Zohali, tabaka hilo linadhaniwa kutokana na matone ya heli yanayojitenga na hidrojeni ya kimetali (iliyobanwa hadi inapitisha umeme kama metali) na kunyesha kuelekea chini, na tabaka likizunguka kwa kasi tofauti na vilivyo chini yake, kila kisichozunguka mhimili sawasawa hufutika kikiwa njiani. Sheria ya Cowling inahusu kule uga unakozaliwa. Sisi tunauona ukiwa umeshachujwa.

Dalili: uga umeinama na umehama katikati (Uranus na Neptune)

Voyager 2 ilipima Uranus mwaka 1986 ikakuta uga umeinama nyuzi 59 kutoka mhimili. Watu wakasema ni kwa sababu sayari yenyewe imelala ubavu. Mwaka 1989 Neptune, isiyolala, ikakutwa na nyuzi 47, na kitovu cha uga kimehama kwa zaidi ya nusu ya nusu kipenyo chake. Maelezo ya ubavu yakafa siku hiyo.

Humo umeme haubebwi na chuma bali na maji na amonia vilivyobanwa na kupashwa hadi kutoa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, kwa upitishaji ulio chini sana kuliko wa metali. Uigizaji wa kompyuta wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba dinamo ikifanya kazi katika ganda jembamba linalozunguka kimiminika kilichotulia, uga unaotoka huwa wa ovyo namna hii, wenye ncha nyingi na mwinamo mkubwa. Kwa hiyo ukiona uga wa vurugu, kagua unene wa tabaka linalokorogwa kabla ya kukagua mwinamo wa sayari.

Dalili: kiini kidogo, kumbukumbu kubwa (Mwezi)

Mawe yaliyoletwa na Apollo yanaonyesha kwamba zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita Mwezi ulikuwa na uga uliofikia makumi ya mikrotesla, sawa na wa Dunia leo, ilhali kiini chake kina nusu kipenyo cha kilomita mia tatu na kitu. Kupoa peke yake hakufikishi huko. Hapa ruhusa ipo ya kutafuta mkorogo usio wa joto: koti likiyumba kuliko kiini, linakikoroga kimiminika kutoka nje.

Dalili isiyo hitilafu: uga wa Dunia unapungua

Tangu vipimo vya miaka ya 1840 vya zama za Carl Friedrich Gauss, nguvu ya jumla ya uga wa ncha mbili wa Dunia imepungua kwa karibu asilimia tisa, na juu ya Atlantiki ya Kusini kuna eneo hafifu linalosumbua vifaa vya satelaiti. Wengi husoma hapo kwamba kiini kinapoa na kuzimika, au kwamba ncha ziko mbioni kugeuka. Linganisha na muda wa uchakavu: uga ulioachwa bila dinamo ungehitaji makumi ya maelfu ya miaka kufa, kwa hiyo mporomoko wa asilimia tisa kwa chini ya karne mbili ni wa haraka kuliko kifo cha kawaida. Maana yake mtiririko wenyewe ndio unaohamisha uga na kuukunja, yaani gurudumu linazunguka. Mgeuko wa mwisho ulitokea takriban miaka 780,000 iliyopita, na kati yake na leo uga umeshuka na kupanda mara nyingi bila kugeuka. Endelea kusoma vipimo vya satelaiti za Swarm, zilizorushwa mwaka 2013, na uache kiini kiendelee na kazi yake.